Waliofunga Kalibu ya Farasi

Tarehe 20 Desemba 1493, mjini Milano, Leonardo da Vinci aliandika uamuzi mmoja katika daftari lake: farasi wa shaba atamiminwa akiwa amelala ubavu, tena bila mkia. Mkia ungetengenezwa peke yake. Mwezi uliotangulia, mfano wa udongo wa farasi huyo ulikuwa umeonyeshwa hadharani wakati wa harusi ya Bianca Maria Sforza na Maximilian wa Austria, na waliouona walistaajabu. Mtawala wa Milano, Ludovico Sforza, alimtaka farasi huyo awe kumbukumbu ya baba yake Francesco. Kimo chake kilikuwa karibu mita 7. Katika Ulaya ya siku zile hapakuwa na fundi aliyethubutu kumimina sanamu ya ukubwa huo kwa mara moja.

Kilichomgeuza Leonardo mawazo ni maji. Mwanzoni alikusudia kumfukia farasi shimoni kichwa chini miguu juu, ili hewa na mvuke vitokee kwenye kwato. Mpango huo ulidai shimo lenye kina cha kumeza mnyama mzima, na Milano ni mji wa bondeni, maji yake ya ardhini yako karibu. Alipopiga hesabu akaona kwamba chini ya shimo hilo maji yangebaki umbali wa mkono mmoja tu. Unyevu ukipenya ndani ya kalibu, shaba yenye joto la zaidi ya digrii 1,000 inaugeuza mvuke papo hapo. Mvuke huo unahitaji nafasi kubwa mara elfu na zaidi kuliko maji uliotokana nayo, na ukikosa pa kutokea unaipasua kalibu. Wanaokufa katika ajali ya namna hiyo ni wale waliosimama karibu. Kwa hiyo farasi alale ubavu, shimo lipungue kina, na maji yabaki mbali.

Nimeanza na maji ya Milano kwa sababu historia ya sanamu kubwa za shaba kwa kawaida husimuliwa kama historia ya wachongaji na wafalme, ilhali kila sanamu ya namna hiyo ilipita katika saa moja ambayo mchongaji na mfalme hawakuwa na la kufanya. Shaba ikishaachiliwa kutoka tanurini, hairudishwi. Kinachoamua ni jinsi kalibu ilivyojengwa, ilivyofungwa na ilivyofukiwa, na kazi hiyo huwa imekwisha siku nyingi kabla ya moto kuwashwa.

Kazi yenyewe iko hivi. Fundi huanza na kiini cha udongo au jasi iliyochanganywa na unga wa matofali, kilichojengwa juu ya mifupa ya chuma. Juu ya kiini huja nta yenye unene uleule utakaokuwa wa shaba. Juu ya nta huja ganda la nje la udongo. Kisha moto huwashwa, nta inayeyuka na kutoka, na mahali ilipokuwa panabaki uwazi mwembamba kati ya kiini na ganda. Shaba huja kuujaza uwazi huo. Siwa ya shaba ya Lamu ilitengenezwa kwa njia hii ya nta, na aliyewahi kuitazama kwa karibu anajua ni ustadi wa kiasi gani unahitajika kwa kitu kinachobebwa mikononi. Farasi wa mita 7 analeta tatizo la aina nyingine kabisa.

Shaba iliyochanganywa na bati ina uzito wa karibu mara tisa ya maji. Ikisimama ndani ya kalibu kwa kimo cha mita 6, kule chini inasukuma kuta kwa nguvu ya zaidi ya tani 50 kwa kila mita moja ya mraba. Udongo uliochomwa, hata uwe mgumu namna gani, hauhimili msukumo huo bila kushikwa. Na msukumo hauendi nje peke yake. Kiini kilichomo ndani ni chepesi kuliko shaba inayokizunguka, kwa hiyo kinataka kuelea, kama boti iliyozamishwa kwa nguvu. Kikipanda juu kwa unene wa kidole tu, upande mmoja wa sanamu unakuwa mnene kupita kiasi na upande wa pili unabaki tundu. Ndiyo maana mafundi walipitisha pini za chuma kutoka kwenye kiini, zikavuka nta, zikazama kwenye ganda la nje, ili nta ikitoka pini zibaki zimeshikilia vyote viwili mahali pake. Baada ya kazi, ncha za pini hukatwa na matundu yake huzibwa kwa vipande vya shaba vilivyogongwa hadi visionekane.

Leonardo aliyajua haya yote, na alitaka kwenda mbali zaidi. Madaftari yake mawili yaliyopatikana Madrid mwaka 1965, katika Maktaba ya Taifa ya Hispania, yana kurasa nzima kuhusu kazi hii. Ukurasa mmoja, ulioandikwa Mei 1491, unatangaza kwamba hapo patawekwa kumbukumbu ya kila kitu kinachohusu farasi wa shaba. Mpango wake ulikuwa kuchukua umbo la nje kutoka kwenye farasi wa udongo kwa vipande, kuvipaka vipande hivyo kwa ndani tabaka la unene uliopimwa, kisha kujenga kiini. Hivyo farasi wa udongo angebaki salama, na mambo yakiharibika kazi ingeanza tena bila kumpoteza. Kuna mchoro mmoja wa chaki nyekundu unaoonyesha kalibu ya kichwa na shingo ya farasi. Imefungwa kwa nondo za chuma zilizopishana wima na mlalo, na kutoka kwenye udongo zimetokeza kulabu ambazo nondo hizo zimeshikwa nazo. Mchoro huo unapendeza macho, lakini naamini aliyeuchora alikuwa akifikiria uzito. Kila nondo imewekwa pale ambapo shaba ingesukuma zaidi: chini ya taya, kwenye mkunjo wa koo, kuizunguka shingo.

Kalibu hiyo haikuwahi kuona shaba. Novemba 1494 jeshi la Ufaransa lilikuwa limekwisha kuingia Italia, na Ludovico akaitoa shaba iliyokusanywa kwa ajili ya farasi, akampelekea baba mkwe wake, Ercole d'Este wa Ferrara, ili itengenezewe mizinga. Mwaka 1499 Wafaransa walipouteka mji, wapiga mishale kutoka Gascogne walimtumia farasi wa udongo kama shabaha. Miaka miwili baadaye Ercole aliulizia kama angeweza kupewa umbo la farasi huyo, maana alitaka sanamu yake mwenyewe. Hakulipata. Mvua na baridi vikamaliza kilichobaki.

Kwamba shaba ya farasi iliishia kuwa mizinga si jambo la kupita tu. Waliojua kufunga kalibu kubwa katika Ulaya ya karne hizo walikuwa mafundi wa mizinga na wa kengele. Vannoccio Biringuccio wa Siena, ambaye kitabu chake cha kazi za moto kilichapishwa Venezia mwaka 1540, alieleza jinsi kalibu ya mzinga inavyojengwa kwa tabaka za udongo, ikavishwa vyuma vya urefu na pete za mzunguko, ikasimamishwa shimoni na kushindiliwa udongo pande zote. Mzinga ukitoka na tundu, unapasuka mikononi mwa askari wa upande wako. Mafundi wale hawakuwa na nafasi ya kubahatisha, wala hawakuwa na jina la kulinda mbele ya watu wa sanaa. Walikuwa na mazoea ya vizazi.

Benvenuto Cellini wa Firenze alikuwa na jina, na alilipenda. Simulizi yake ya jinsi alivyoimimina sanamu yake ya Perseus mwishoni mwa miaka ya 1540 ndiyo inayojulikana kuliko zote: homa iliyomlaza kitandani, shaba iliyoganda tanurini, paa lililoshika moto, na vyombo vya mezani vya bati alivyovitupa ndani ya shaba ili itiririke. Wasomaji huikumbuka fujo hiyo. Mimi huvutwa zaidi na kurasa zinazoitangulia, anapoeleza kwa utulivu jinsi alivyoivika kalibu mikanda ya chuma, alivyoitoa nta kwa moto mdogo, alivyoizungushia matofali na kuichoma usiku na mchana, kisha akaining'iniza kwa kamba nene na mashine za kunyanyulia, katikati kabisa ya shimo, na kuiteremsha polepole. Udongo ulijazwa kuizunguka kwa awamu, na kila ulipopanda, mirija ya udongo wa kuchoma iliongezwa ili hewa ipate njia. Baada ya hapo yakaja maafa yote aliyoyasimulia, na bado Perseus akatoka mzima isipokuwa vidole vya mguu mmoja. Tanuri lilimwangusha, watu walimwangusha, mwili wake mwenyewe ukamwangusha. Kalibu haikumwangusha.

Karibu miaka 150 baadaye Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliupata utukufu ambao Sforza aliukosa. Sanamu yake akiwa juu ya farasi, iliyobuniwa na François Girardon kwa ajili ya uwanja unaoitwa leo Place Vendôme, ilikuwa na kimo cha karibu mita 7, farasi na mpandaji pamoja, na ilimiminwa kwa mkupuo mmoja tarehe 31 Desemba 1692. Aliyeimimina hakuwa mchongaji. Alikuwa Jean-Balthasar Keller, Mswisi wa Zürich, ambaye pamoja na kaka yake Jean-Jacques alikuwa fundi wa mizinga ya mfalme.

Kazi ya Keller tunaijua kwa undani kwa sababu mwaka 1743 msanifu majengo Germain Boffrand alichapisha kitabu kizima kuihusu, chenye michoro mikubwa, na michoro hiyo ikaingia baadaye katika Encyclopédie ya Diderot. Hapa inafaa kukaa kidogo, maana ndipo tunapowaona watu wa kalibu wakiwa kazini.

Shimo lilijengwa kwa mawe ili kingo zisiporomoke. Chini yake palijengwa njia za moto za matofali, na juu yake ukawekwa wavu wa nondo nene ambao ungebeba uzito wote. Kutoka kwenye mfano wa jasi walichukua umbo la nje kwa vipande vingi, kimoja juu ya kingine kwa safu, kila kipande kikiwa na alama na vishikizo vya kukifanya kikae sawasawa na jirani yake. Vipande vilipakwa nta kwa ndani, vikapangwa upya kuizunguka mifupa ya chuma, na ndani yake ukamiminwa mchanganyiko wa kiini. Vipande vilipoondolewa, farasi wa nta alikuwa amesimama shimoni, na Girardon akapata nafasi yake ya mwisho ya kurekebisha sura kwa mkono.

Kisha ukaja msitu wa mirija. Fimbo za nta zilibandikwa kila mahali mwilini mwa farasi na mfalme: nyingine zingekuwa njia za shaba, nyingine njia za hewa, na nyingine, kule chini, mifereji ya kutolea nta. Ukiutazama mchoro wa Boffrand humwoni farasi upesi. Unaona matawi, na farasi amenaswa katikati. Kila tawi lilikuwa na sababu. Shaba inayoanguka kutoka juu hurarua udongo, kwa hiyo njia nyingine zilielekezwa kuingilia kwa chini ili shaba ipande taratibu. Kila mahali ambapo hewa ingeweza kunaswa, kama kwenye ncha ya sikio, kiwiko au mkunjo wa joho, palihitaji tundu la kupumulia.

Juu ya nta walipaka ujiuji laini wa udongo, unga wa vyungu vya kuyeyushia madini na samadi ya farasi iliyooza, uliosagwa na kuchujwa. Walitumia brashi, tabaka nyembamba baada ya tabaka, kila moja ikiachwa ikauke. Samadi ina nyuzi ndogo zinazouzuia udongo usipasuke ukikauka, na zikiungua huacha vinyweleo ambavyo hewa hupitia. Ganda lilipopata unene wa kutosha, ndipo walipokuja watu wa chuma. Walikunja mikanda bapa ya chuma kulifuata umbo la ganda, wima na mlalo, wakaifunga kwa waya kila ilipokutana, wakapaka udongo tena, kisha wakarudia mikanda juu yake. Farasi akawa ndani ya tenga la chuma.

Moto wa kutoa nta na kuikausha kalibu ulidumu kwa wiki kadhaa. Nta iliyotoka ilipimwa, kwa kuwa uzito wake ndio ulioonyesha ni shaba kiasi gani ingehitajika, takribani ratili kumi za shaba kwa kila ratili ya nta. Tanurini iliwekwa ya ziada, jumla karibu tani 40, maana shaba ikipungua katikati ya kumimina hakuna dawa. Mwisho shimo lote likajazwa udongo mkavu na kushindiliwa, tabaka jembamba kwa tabaka jembamba, mpaka midomo ya mirija tu ikabaki juu. Hii ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika simulizi hili. Mtu anayeshindilia udongo shimoni haoni anachokilinda. Akipiga kwa nguvu mno, anaitikisa kalibu na kuvunja pini iliyomo ndani. Akilegeza, anaacha mfuko wa hewa, na ni hapo hapo ganda litakapovimba na kupasuka shaba ikija. Hapewi nafasi ya kukagua baadaye.

Siku yenyewe ilikuwa fupi. Kizibo cha tanuri kiligongwa kwa nondo ndefu, shaba ikatiririka kwenye beseni la udongo lililojengwa juu ya shimo, na beseni lilipojaa, vizibo vyake vikanyanyuliwa kwa wenzo vyote kwa pamoja. Shaba ilipoonekana ikitokeza kwenye midomo ya mirija ya hewa, kazi ilikuwa imekwisha. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1699. Ilisimama hadi Agosti 1792, pale wanamapinduzi walipoiangusha na shaba yake ikayeyushwa. Uliosalimika ni mguu wa kushoto wa mfalme.

Etienne-Maurice Falconet alikuwa mtoto wa Paris na aliikuta sanamu hiyo ingali imara. Alipowasili St. Petersburg mwaka 1766 kutengeneza sanamu ya Tsar Peter akiwa juu ya farasi, akiwa amependekezwa na rafiki yake Diderot kwa Malkia Catherine wa 2, hakuwa amewahi kufanya kazi ya ukubwa huo. Alikubali ujira wa livre 200,000 kwa miaka minane, pungufu ya livre 300,000 alizokuwa ameahidiwa, na akaja na mwanafunzi wake Marie-Anne Collot, binti wa miaka kumi na minane, ambaye ndiye aliyekuja kukifinyanga kichwa cha Tsar Peter baada ya majaribio ya Falconet kukataliwa. Farasi wake hakutulia kama wa Girardon. Alimwinua kwenye miguu ya nyuma, juu ya jabali, huku mkia ukigusa nyoka aliyekanyagwa. Uzito wote ulikaa juu ya sehemu tatu: kwato mbili na mkia.

Kwa mtazamaji huo ni uzuri. Kwa mtu wa kalibu ni taabu. Ili farasi asianguke mbele, shaba ya mbele ilipaswa kuwa nyembamba sana, chini ya sentimita moja, na ya nyuma iwe nene. Maana yake, uwazi ndani ya kalibu haukuwa na upana mmoja. Mahali palipo pembamba shaba hupoa upesi na huweza kuganda kabla haijafika mwisho, na hapo kiini kikisogea kidogo tu, kifua cha farasi kinatoka na tundu.

Nani angekubali kuimimina? Mwaka 1772 aliletwa fundi kutoka Ufaransa, Benoît Ersmann. Hawakuelewana na Falconet, na mwaka 1774 akaondolewa. Falconet akaamua kuifanya kazi mwenyewe, akasoma maandiko ya kazi ya kusubu na kujaribu kwa sanamu ndogo. Jambo lililomwokoa ni kwamba alipewa msaidizi kutoka ghala la silaha la mji, fundi wa mizinga aitwaye Emelyan Khailov.

Hakuna mengi yaliyoandikwa kuhusu maisha ya Khailov. Hakuwa mtu wa chuo cha sanaa. Alikuwa amezoea kalibu zinazosimama shimoni, mikanda ya chuma, udongo ulioshindiliwa na tanuri linalonguruma, kama Keller kabla yake. Falconet alimtegemea, na ni jambo la kumsifu kwamba alijua kumtegemea.

Mwishoni mwa Agosti 1775 kila kitu kilikuwa tayari. Zaidi ya tani 20 za shaba zilikuwa zimeyeyuka. Vizibo vikafunguliwa, shaba ikaanza kuteremka, na kwa muda ilionekana kwamba kila kitu kinakwenda sawa; sehemu za chini zilikwisha kujaa. Kisha ukatokea ufa kwenye njia ya shaba, na madini ya moto yakaanza kumwagika sakafuni. Mbao za karakana zikashika moto. Watu wakatimua mbio, na inasimuliwa kwamba Falconet naye alikimbilia nje akiamini kazi ya miaka tisa imeteketea.

Khailov hakutoka. Masimulizi ya Kirusi yanasema alivua koti lake zito, akalilowesha maji, akalipaka udongo na kulibandika juu ya ufa kama kiraka, kisha akaendelea kuiongoza shaba iliyobaki irudi kwenye njia yake. Aliungua, na jicho lake moja likaumia.

Kitendo hicho husimuliwa kama ushujaa, na ni ushujaa kweli. Lakini ndani yake mna ujuzi pia. Nimeeleza jinsi maji yanavyoweza kuipasua kalibu. Mtu asiyeijua kazi angeogopa kuyakaribisha maji kwenye shaba, au angeyamwaga ovyo na kuwaua waliokuwa karibu. Khailov alijua kwamba nje ya kalibu, kwenye uvujaji ulio wazi, mvuke una mahali pa kwenda. Kitambaa kilicholowa na udongo vingeipoza shaba kwa juu igande, na shaba iliyoganda ingekuwa kizibo chake yenyewe. Alikuwa na sekunde chache za kulifikiria hilo, na bila shaka hakulifikiria. Mikono yake ililijua kutoka kwenye kazi ya mizinga.

Moshi ulipotulia na kalibu ikafukuliwa, hesabu ikafanyika. Sehemu ya juu, pamoja na vichwa viwili, cha farasi na cha mpandaji, iliharibika. Sehemu ya chini, ile ngumu, yenye miguu ya nyuma na uzito wote wa kusawazisha, ilikuwa imetoka vizuri. Kama sehemu hiyo ingepotea, ingebidi kuanza tena kila kitu, nta, kiini, ganda na vyuma, kwa fedha ambazo maofisa wa Malkia walikuwa wamekwisha kuchoka kuzitoa. Ivan Betskoi, aliyesimamia kazi kwa niaba ya serikali, hakuwa akielewana na Falconet hata kabla ya ajali.

Iliyofuata ni miaka miwili ambayo vitabu huipita kwa sentensi moja, na hailingani na sentensi moja. Shaba iliyoharibika ilibidi ikatwe mpaka kufikia ile iliyo nzima. Sehemu ya juu ikafinyangwa upya kwa nta, kwa vipimo vya kuungana na sehemu ya chini bila ngazi wala pengo, ikajengewa kiini kipya, mirija mipya, ganda jipya na mikanda mipya ya chuma. Safari hii fundi hakuwa na uhuru wa kuamua umbo. Ukingo wa shaba iliyokwisha kuganda ndio ulioamua. Na shaba hunywea inapopoa, kwa hiyo sehemu mpya ilibidi ipangwe kubwa kidogo kuliko ile itakayokutana nayo, la sivyo maungio yasingekubali. Julai 1777 ikamiminwa. Haikuvuja.

Falconet alitumia mwaka uliobaki kusafisha na kupatiliza shaba, kuziba matundu ya pini na kuyasawazisha maungio, huku chuki kati yake na Betskoi ikizidi. Septemba 1778 aliondoka Urusi na hakurudi tena. Sanamu ilizinduliwa bila yeye, Agosti 1782, miaka mia moja tangu Peter kutawazwa. Wakati huo jabali lake, lililokokotwa kutoka vichakani kandokando ya Ghuba ya Finland, lilikuwa maarufu kama farasi mwenyewe, na Pushkin alikuja kuitungia sanamu hiyo shairi mwaka 1833.

Karne mbili baada ya ajali, mwaka 1976, wakarabati walimpima farasi kwa mionzi na kukuta nyufa kwenye mguu unaobeba uzito, nyufa ambazo walizitibu. Mguu huo ni wa ile sehemu iliyomiminwa mwaka 1775, siku ya moto. Katika mkunjo mmoja wa joho la Peter kuna maandishi yaliyochongwa kwenye shaba yanayosema kwamba Etienne Falconet wa Paris aliifinyanga na kuimimina, 1778. Kichwa alichokifinyanga Collot kiko juu ya maandishi hayo, na kazi ya Khailov iko chini yake, na hakuna hata mmoja wao aliyetajwa hapo.